Wiski ya Moshi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Blendi za Scotch

Nimekaa nyuma ya kaunta hapa Dar miaka kadhaa na watu wanauliza maswali yaleyale, sema kila mmoja anajiona yeye ndo wa kwanza. Nimekusanya yanayojirudia kuhusu zile blendi za Scotch, yaani wiski ya Scotland, zinazonukia moshi. Na moshi hapa ni wa moto, sio Moshi ya Wachaga, ingawa wale nao kwa mambo ya kimea hawafundishwi na mtu. Kama hunywi soma tu, hakuna atakayekumiminia. Kama hujafika miaka 18, subiri.

## Mwanzo mwanzo

Blendi ni wiski iliyochakachuliwa?

Hapana. Tatizo ni kwamba huku kwetu kitu kikisemwa "kimechanganywa" ujue umeibiwa, mafuta ya gari, maziwa, asali, yote tumeshauziwa hivyo. Kwenye Scotch maana yake ni nyingine kabisa. Kuna wiski ya kimea, shayiri tupu iliyooteshwa, inapikwa kwa mafungu kwenye mitungi mikubwa ya shaba, hii ni nzito na ina tabia zake. Halafu kuna wiski ya nafaka, mara nyingi ngano au mahindi, inapikwa kwenye minara mirefu inayokeneka bila kusimama, hii ni nyepesi na laini. Ukizikutanisha hizo mbili unapata blended Scotch, na chupa moja inaweza kuwa na wiski ishirini, thelathini au zaidi kutoka viwanda mbalimbali.

Zote lazima zipikwe Scotland na zikae kwenye mapipa ya mwaloni hukohuko angalau miaka 3, na wakati wa kutia kwenye chupa kilevi kisishuke chini ya asilimia 40. Kinachoruhusiwa kuongezwa ni maji na karameli ya rangi basi.

Nani alianzisha hii biashara ya kuchanganya?

Wenye maduka. Sio wapishi wa wiski, wauza duka wa kawaida kabisa, wale wa chai, sukari na viungo. John Walker alifungua duka lake Kilmarnock mwaka 1820, na Andrew Usher wa Edinburgh alikuwa anauza mchanganyiko wa wiski za kimea kufikia 1853. Mwaka 1860 sheria ikaruhusu kimea na nafaka vichanganywe kabla ya kulipiwa ushuru, hapo ndo mlango ukafunguka, maana sasa mtu anaweza kuchanganya mzigo mkubwa bila kufunga mtaji wake wote kwenye kodi.

Mi napenda hiki kipande cha historia kwa sababu mtu aliyezoea kuchanganya majani ya chai mpaka wateja wake wakayazoea, kuchanganya wiski kwake ni kazi ileile. Mteja akirudi wiki ijayo anataka chai ya juzi.

Si bora ninywe single malt moja kwa moja?

Kunywa, nani kakukataza. Ila "malt" ndo kimea, na "single" maana yake imetoka kiwanda kimoja, haimaanishi imeshinda. We fikiria karafuu. Hakuna pilau bila karafuu (kwangu mimi angalau), lakini hakuna mtu anachota kiganja cha karafuu akatafuna akasema mi ndo najua pilau. Kimea chenye moshi mkali ni karafuu ya hii kazi. Wapo wanaokitafuna kikavu na wanafurahi, ila mwenye blendi anajaribu kupika sufuria zima ambalo karafuu unaisikia na huioni, na hapo ndo pagumu.

Whisky na whiskey?

Scotland wanaandika bila e, Ireland na Marekani mara nyingi wanaitia. Kwetu ni wiski, tumemaliza.

## Moshi unatoka wapi

Huo moshi unaingiaje kwenye pombe?

Unaingia mapema sana, hata kabla pombe haijawa pombe. Shayiri inalowekwa kama siku mbili, inatandazwa inaanza kuota, na ikishaota vya kutosha lazima uizuie isiendelee, kwa hiyo inapelekwa kwenye tanuri ikaushwe. Sasa kwenye moto wa hilo tanuri wanachoma piti. Moshi unapanda, unapita katikati ya punje ambazo bado mbichi, unaganda kwenye maganda. Ubichi ndo siri. Aliyewahi kuanika kitenge kibichi kwenye jiko la kuni anajua, kile kitenge kitanuka moshi wiki nzima, wakati kikavu kingepitiwa tu. Na kwenye shayiri ni hivyohivyo, ikishakauka moshi haushiki tena, wanamalizia na hewa ya moto tu.

Baada ya hapo kimea kinasagwa, kinatiwa maji ya moto, kinapewa hamira, kinakuwa kama bia nyepesi, halafu kinapikwa mara mbili kwenye shaba. Moshi unapita njia yote hiyo. Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba unachokisikia kwenye glasi ni moto uliowaka siku moja au mbili, miaka kumi na kitu iliyopita.

Piti ndo nini?

Ni udongo mweusi wa kinamasi, majani na mizizi iliyokufa ikarundikana kwenye maji bila kuoza vizuri, inaongezeka kama milimita moja kwa mwaka. Wanaikata vipande kama matofali, wanaanika, wanachoma kama kuni. Scotland zamani ilikuwa kuni za maskini, visiwani miti ni michache na piti ipo kila mahali, kwa hiyo hakuna aliyekaa akabuni "ladha ya moshi", walikuwa wanakausha shayiri kwa kilichopo. Wasomaji wa Rwanda hii mnaijua, ni nyiramugengeri, na huko kwenu inachomwa kuzalisha umeme.

Piti hazifanani. Ya bara ina miti na mimea ya nchi kavu, moshi wake unakaribia moto wa kuni. Ya kisiwa cha Islay, magharibi kule, imezaliwa kwenye upepo wa bahari na moshi wake una chumvichumvi na dawadawa.

Mbona nyingine inanuka Deto? Au hospitali kabisa?

Hujakosea na pua yako haina shida. Piti ikiungua inatoa kundi la kemikali zinaitwa fenoli, mojawapo guayakoli ndo ile ya moshi wa kuni na nyama, nyingine kresoli, hiyo ndo inakupeleka wodini, inanuka dawa ya vidonda, lami, bandeji. Piti ya Islay ina sana hiyo ya pili. Kuna dada mmoja mteja wangu, mtu wa Paje, alinusa ya Islay akasema "hii si mwani?" na akawa amewamaliza wataalamu wote pale kaunta. Maji yakitoka, mwani umelala juani kwenye mchanga, ndo harufu yenyewe.

Wanatia moshi wa chupa, ule wa kwenye sosi ya nyama?

Hairuhusiwi. Ukitia kionjo chochote kisheria sio Scotch tena. Moshi wote unatoka kwenye kimea, au kidogo kwenye pipa ambalo awali lilibeba wiski ya moshi. Usichanganye pia na pipa lililochomwa ndani, hilo linatoa vanila, karameli, kama makaa kidogo, ila moshi wa piti ni kitu kingine.

Si nasikia ni yale maji ya kahawia ya huko?

Ni kweli mito ya Islay ina rangi ya chai, ila moshi hautoki kwenye maji. Rudi kwenye tanuri hapo juu.

Ppm ni nini?

Kipimo cha fenoli, sehemu kwa milioni. Kimea cha kiwanda cha Ardmore kinakaa kwenye 12 hadi 15, Lagavulin na Caol Ila kama 35, Laphroaig 40 hadi 45, Ardbeg 55, halafu kuna Octomore hawa wamepita 100, wale ni wa fujo.

Ila usinunue kwa namba. Inapimwa kwenye kimea, sio kwenye chupa, na njiani unapotea mwingi. Mpishi pia ana mkono wake. Anayepika gongo atakuambia ya mwanzo, ya kati na ya mwisho si kitu kimoja, na kwenye wiski fenoli nzito zinakuja kuchelewa, kwa hiyo anayeendelea kukinga mpaka mwishomwisho anapata moshi mwingi kuliko aliyefunga mapema. Mfano mzuri ni Lagavulin na Caol Ila, kimea chao kinatoka nyumba moja ya kuoteshea shayiri, Port Ellen, kipimo karibu sawa, lakini ya kwanza nzito kama supu na ya pili safi, kali, ndimundimu.

## Kazi ya mchanganyaji

Kama moshi ndo mtamu, kwa nini wanatia nafaka inayoupunguza?

Kwa sababu moshi hauna adabu, ukiuachia unakaa kwenye kiti cha mbele na wengine wote wanashuka. Wiski ya nafaka ni kama wali wa lile pilau, yenyewe imepoa, ina utamu wa vanila na ulaini, inauchukua moshi na kuutandaza. Kimea kingine kinaleta tufaha na asali, kingine kutoka pipa lililobeba sheri, mvinyo wa Hispania, kinaleta zabibu kavu. Ukinywa blendi nzuri moshi unakuja mwisho, umeshameza, umeshaanza kuongea na mwenzako, ndo unausikia nyuma ya koo kama mtu amezima jiko chumba cha pili. Hicho ndo nachokitafuta mimi. Ukiupata wote kwenye tone la kwanza, mchanganyaji amekosa subira, ndo mtazamo wangu, bishaneni.

Wanafanyaje ladha isibadilike miaka yote?

Hapa ndo ufundi wenyewe na watu hawausifii, kwa sababu ukifanikiwa hakuna anayegundua umefanya kitu. Kila pipa ni tofauti, hata mapipa mawili ya siku moja ghala moja. Mchanganyaji ananusa siku nzima, anaweka kidogo kwenye glasi yenye tumbo na mdomo mwembamba, anaongeza maji mpaka kilevi kiwe kama asilimia 20, ananusa. Kunywa wanakunywa kidogo, pua ndo mfanyakazi. Johnnie Walker kwa sasa anayesimamia ni Emma Walker, mwanamke wa kwanza kwenye hicho kiti, ana udaktari wa kemia, na jina limefanana tu, sio ukoo.

Sasa piga picha kiwanda kimoja kimefungwa. Caol Ila, ambayo mzigo wake mwingi unaenda kwenye blendi, ilibomolewa 1972 na kujengwa upya ikarudi 1974. Kiwanda cha wiski cha Port Ellen (sio ile nyumba ya kimea) kilifungwa 1983, kimekuja kufunguliwa tena 2024. Kwenye mashimo kama hayo mchanganyaji lazima atafute moshi mwingine, apunguze huku, aongeze kule, na mzee wa Kinondoni anayekunywa toti mbili kila Ijumaa asishtuke.

Si wangejenga tu kiwanda kingine kinachofanana?

Alijaribu Peter Mackie, mwenye Lagavulin na blendi ya White Horse. Kampuni yake ilikuwa wakala wa Laphroaig, majirani zao kabisa, na mwaka 1907 uwakala ukaisha kwa ugomvi. Jamaa akasema basi nitatengeneza Laphroaig yangu. Mwaka 1908 akajenga kiwanda kidogo ndani ya uwanja wa Lagavulin kikaitwa Malt Mill, mitungi ya kuiga, wiski ikatoka, nzuri tu, ila Laphroaig haikuwa. Kikaendelea mpaka 1962 kikafungwa, na kuifikia hawakuifikia.

Blendi gani zina moshi wa kweli?

Inayojulikana huku kuliko zote ni Johnnie Walker Black Label, moshi wa kati, na mkubwa wake kwa moshi ni Double Black. Teacher's moshi wake ni wa bara, wa kuni, maana Ardmore ilijengwa 1898 makusudi kuilisha. White Horse ina undugu na Lagavulin kama nilivyosema. Black Bottle ilianza Aberdeen 1879. Islay Mist wengi huku hawaijui, ilichanganywa kwa ajili ya sherehe ya kijana wa mwenye jumba la Islay House kutimiza miaka 21, na Laphroaig ndo ilikuwa moyo wake.

Big Peat na Peat Monster nazo ni za moshi kwelikweli lakini angalia lebo, imeandikwa blended malt. Hizo ni kimea na kimea, hakuna nafaka. Zipo kundi la pembeni.

Miaka 12 kwenye lebo maana yake wastani?

Hapana, ni umri wa mdogo kuliko wote humo ndani. Kukiwa na tone la miaka 12 na lita mia za miaka 30, lebo inasema 12. Isiyo na namba jua tu imepita miaka 3.

Kwa hiyo ya miaka mingi ina moshi zaidi?

Kinyume chake. Pipani moshi unapoa mwaka hadi mwaka huku mbao ikipanda. Anayetaka moshi wa kupiga chafya atafute ya umri mdogo.

## Kwenye glasi

Maji, barafu, au kavu?

Anza kavu, nusa mdomo ukiwa wazi kidogo, usiingize pua yote kama unatafuta kitu kilichodondoka. Halafu tia maji kijiko kidogo cha chai. Moshi utafunguka, na hii sio imani ya walevi, mwaka 2017 watafiti wawili wa Sweden walitumia kompyuta kuangalia ile guayakoli niliyoitaja, wakaona kilevi kikipunguzwa inapenda kukaa juu, pale maji yanapokutana na hewa, yaani jirani na pua.

Barafu inafanya kinyume, inaufunga moshi na utamu wote pamoja. Ila Dar mwezi wa pili saa nane mchana mi siwezi kumhukumu mtu na barafu yake. Tia kipande kimoja kikubwa, sio vidogo kumi vinavyoyeyuka kabla hujakaa.

Na Coke?

Inakubali, sukari na moshi sio maadui, ndo sosi ya nyama hiyo. Soda maji ni bora zaidi, inauinua moshi bila kuuzika. Ila ukiwa na ya miaka 18 ukamimina Coke, sawa hela ni yako, mi nitageuka nipange chupa.

Na chakula je?

Nyama choma, hasa mbuzi mwenye mafuta. Pweza wa kuchoma pia. Mkalenjin aliyekulia kwenye mursik, ile maziwa ya kibuyu kilichosuguliwa mkaa, hahitaji kufundishwa moshi na mtu yeyote wa Scotland.

## Kununua bila kulia

Nitajuaje kama ni feki?

Mi mwenyewe nimeshapigwa, na ni mtu wa kaunta. Nilinunua chupa kwenye duka moja mjini, boksi safi, bei imeshuka kidogo, nikaipeleka kwa baba mkwe tena kwa mbwembwe. Mzee akafungua, akanusa, akanitazama, akasema "mwanangu, hii si ya kuwashia taa?" Nikajifunza siku hiyo mbele ya mashemeji wote.

Sasa naangalia kifuniko kwanza, kisizunguke chote bila kukatika. Kiwango cha kinywaji kisipishane na chupa za jirani. Lebo isiwe na gundi inayochungulia. Stempu ya kodi lazima, na usiishie kuiona, iskani, Tanzania kuna app ya Hakiki Stempu na Kenya kuna Soma Label. Na bei ikiwa nzuri mno jiulize huyu muuzaji anapata faida wapi. Hii sio habari ya ladha peke yake, feki inaweza kuwa na methanoli na hiyo inapofusha, inaua.

Rangi nyeusi maana yake nzito?

Haina maana, inaweza kuwa ni pipa au ile karameli iliyotajwa mwanzo.

## Ya pembeni

Nimetia barafu imekuwa na ukungu, nimeuziwa feki?

Sio lazima. Wiski isiyochujwa kwa baridi, nyingi zina asilimia 46 kwenda juu, ikipoa mafuta yake yanajitokeza na kuleta ukungu. Haina madhara na wengine ndo wanaitafuta.

Babu ameacha chupa ya miaka ya themanini, imezidi kuiva?

Ikitoka kwenye pipa imeacha kukua. Ya miaka 12 itabaki 12 hata ukimwachia mjukuu. Kama haijafunguliwa na ilisimama wima, sio kulazwa kama mvinyo maana kilevi kinakula koki ya kizibo, huenda ikawa nzuri. Koki itakatika tu, andaa chujio.

Na ikishafunguliwa?

Zaidi ya nusu haina haraka. Ikibaki robo, hewa ni nyingi na moshi unaanza kuondoka ndani ya miezi. Alika watu.

Kukata piti si kuharibu mazingira?

Inaharibu, tusidanganyane, milimita moja kwa mwaka hairudi kwa uhai wako, na vinamasi vinahifadhi kaboni nyingi sana, muulize mtu wa bonde la Kongo. Wiski sio mtumiaji mkubwa ukilinganisha na kilimo cha bustani na kuni za majumbani, ila ni mtumiaji.

Nimeacha glasi mezani bila kuiosha, asubuhi inanuka majivu. Kwa nini?

Kwa sababu kilevi kimeruka na fenoli nzito zimebaki kwenye kioo. Mi baada ya kufunga huwa naacha glasi mbili tatu makusudi, narudi asubuhi kabla ya deki nazinusa zikiwa kavu. Ambayo haikuwa na moshi inanuka mbao na sukari iliyoungua. Yenye moshi wa bara inanuka jiko la jana. Ya Islay inanuka ufukwe.